Sheikh Ali Abdel Raziq na mjadala wa ukhalifa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mjadala wa dini na dola katika nchi za Kiarabu ukikolea, jina la sheikh huyu wa Misri huwa halichelewi kutajwa, na wengi wanaolitaja hawajawahi kufungua kitabu chake. Kuna wanaomwita shujaa wa uhuru wa fikra, na kuna wanaosema aliiuza dini kwa Wazungu. Majibu yaliyopo hapa yameegemea zaidi alichoandika mwenyewe na yaliyompata mwaka 1925, maana huko ndiko watu wanakopotoshana sana.

Sheikh Ali Abdel Raziq ni nani?

Ni mwanachuoni wa Misri, aliyezaliwa mwaka 1888 katika mkoa wa Minya, Misri ya Juu, akafariki 1966. Kwao walikuwa watu wenye mashamba makubwa na wenye siasa. Baba yake, Hasan Pasha Abdel Raziq, alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha Umma mwaka 1907, na ukoo ulikuwa na usuhuba na Sheikh Muhammad Abduh, yule mufti aliyepigania kurekebishwa kwa masomo ya Al-Azhar. Kaka yake, Mustafa, alikuja kuwa profesa wa falsafa ya Kiislamu na mwishowe Sheikh wa Al-Azhar kuanzia 1945 hadi kufa kwake 1947.

Ali mwenyewe alisoma Al-Azhar hadi akapata shahada ya ualimu wa dini, akahudhuria mihadhara ya Chuo Kikuu cha Misri kilichokuwa kipya wakati huo, kisha akaenda Oxford. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka alirudi nyumbani, na 1915 akateuliwa kuwa kadhi katika mahakama za sharia. Hilo la ukadhi usilipite haraka. Anayedhani kitabu hiki kiliandikwa na mtu wa magazeti atashangaa akikifungua: ni hoja za kadhi, anayeuliza ushahidi uko wapi, nani kausimulia na unathibitisha nini hasa.

Ni kitabu gani kilichozua zogo?

Ni *Al-Islam wa Usul al-Hukm*, yaani Uislamu na misingi ya utawala, kilichotoka 1925. Dibaji aliitia saini akiwa Mansura, alikokuwa akihukumu, Jumatano ya tarehe 7 Ramadhani 1343, sawa na tarehe 1 Aprili 1925. Humo anaeleza kwamba tangu alipopewa ukadhi alianza kuchunguza historia ya ukadhi katika Uislamu. Akaona ukadhi ni tawi la serikali, na serikali ya Kiislamu, kwa jinsi inavyofundishwa, imesimama juu ya ukhalifa. Basi ilimbidi kwanza achunguze shina, na kilichochapishwa ni habari ya shina hilo.

Si kitabu kinene. Kina sehemu tatu, kila sehemu milango mitatu, jumla kama kurasa mia moja tu.

Kwa kifupi anadai nini?

Kwamba ukhalifa si wajibu wa dini. Qurani haikuuamuru, Sunna haikuuamuru, na ile ijmai inayodaiwa, yaani makubaliano ya Waislamu wote, haijathibiti. Mtume (s.a.w.) aliletwa kufikisha ujumbe, si kuanzisha ufalme, na uongozi wake ulikuwa wa utume, hivyo ulikoma alipofariki kwa sababu utume haurithiwi. Waliokuja baada yake waliongoza kwa siasa ya dunia, wema wao na ubaya wao ni wa kwao. Kwa hiyo Waislamu wako huru kujipangia serikali kwa akili zao na kwa uzoefu wa mataifa.

Wengi wamewahi kusikia sentensi hizo. Njia aliyopita kuzifikia ndiyo haisikiki.

Kwa nini kilitoka wakati ule hasa?

Tarehe 3 Machi 1924 Bunge la Uturuki lilifuta ukhalifa, na khalifa wa mwisho wa ukoo wa Uthmaniya, Abdulmejid II, akapandishwa treni ya kwenda Ulaya. Muda si muda Sharif Husein wa Makka akajitangaza khalifa, lakini Oktoba mwaka huohuo Makka ikaingia mikononi mwa majeshi ya Ibn Saud. Kiti kikawa wazi. Wanazuoni wa Cairo walitangaza kwamba wataitisha kongamano la Waislamu kulizungumza jambo hilo, na mjini watu wakanong'onezana kwamba anayetandikiwa busati ni Mfalme Fuad.

Fuad alikuwa sultani tangu 1917 na mfalme tangu 1922. Katiba ya 1923 ilimpa bunge asilolipenda. Lile lililochaguliwa mwanzoni mwa 1925 lilikutana tarehe 23 Machi, likamchagua Saad Zaghlul, kiongozi wa chama cha Wafd, kuwa spika, na mfalme akalivunja siku hiyohiyo kabla usiku haujaingia vizuri. Siku tisa baadaye kadhi wa Mansura anatia saini dibaji ya kitabu kinachosema kwamba ni wafalme waliowatia watu akilini kuwa ukhalifa ni dini, ili dini iwe ngao ya viti vyao. Jina la Fuad halimo humo kama mtuhumiwa, ila hakuna msomaji wa Cairo aliyehitaji kuelezwa.

Mbona Qurani inasema tuwatii "wenye mamlaka"? Aliikwepa aya hiyo?

Hakuikwepa, ameijadili mwanzoni kabisa. Aya ya 59 ya Suratun Nisaa inaamrisha kumtii Mwenyezi Mungu, kumtii Mtume na wenye mamlaka miongoni mwa Waislamu. Anakumbusha kwamba wafasiri wenyewe wametofautiana: wengine wamesema ni makamanda wa vikosi, wengine wamesema ni wanavyuoni. Halafu anauliza, tukikubali kuwa ni watawala, je, amri ya kumtii aliyepo ni amri ya kumsimamisha asiyekuwepo? Mfano wake haujibiki kirahisi. Tumeamrishwa kuwakirimu mafakiri na masikini. Kuna mwenye akili atakayesema basi ni wajibu wetu kuhakikisha mafakiri wapo? Kwa hadithi zinazotaja maimamu na bai'a, yaani kiapo cha utii, anasema vivyo hivyo, na hapo anamtaja Nabii Isa (a.s.) aliyesema cha Kaisari apewe Kaisari, bila ya kumaanisha kwamba dola ya Kaisari ni sehemu ya dini ya Mungu.

Pia anawageuzia wapinzani wake kibao. Anasema wanavyuoni waliotangulia, pamoja na elimu yao yote, waliuthibitisha ukhalifa kwa ijmai na kwa hoja za akili. Wangekuwa na aya iliyo wazi, wasingeianza safari yao mbali hivyo.

Na ijmai ya Waislamu je?

Hapa ndipo kalamu yake inapokata zaidi. Anadai kwamba katika historia, ukhalifa isipokuwa nyakati chache ulisimama juu ya upanga, na ukimya wa mtu aliyeshikiwa upanga hauhesabiwi kuwa ni ridhaa. Kisa anachokileta ni cha siku ya kumchukulia bai'a Yazid, mwana wa khalifa Muawiya. Msemaji mmoja alisimama kwenye hadhara ya Muawiya na kusema: Amiri wa waumini ni huyu, akamwonyesha Muawiya, akifa huyu, basi ni huyu, akamwonyesha Yazid, na atakayekataa, basi ni huu, akauonyesha upanga wake. Muawiya akamwambia akae, yeye ndiye bingwa wa wasemaji.

Baada ya hapo anaruka hadi zama zake na kumtaja Faisal bin Husein, aliyetawazwa Iraq mwaka 1921 chini ya mkono wa Waingereza huku ikidaiwa kwamba watu wa Iraq wamemchagua kwa kauli moja. Ukisoma kurasa hizo mbili kwa pamoja unaelewa kwa nini kitabu kilimkera kila aliyekuwa na kiti.

Anaongeza pia kwamba walikuwepo Waislamu wa zamani waliosema kumsimamisha imamu si wajibu, kama Al-Asamm wa Mu'tazila, kundi lililotanguliza hoja za akili, na baadhi ya Khawarij, kundi lililojitenga katika karne ya kwanza ya Uislamu. Ijmai yenye waliojitoa ni ijmai gani?

Je, Maibadhi ni miongoni mwa hao?

Hapana, na swali hili huulizwa na wasomaji wenye ndugu Oman na Zanzibar, waliko Maibadhi, madhehebu ambayo wengi huyahesabu pamoja na Khawarij. Waliosema uimamu si wajibu ni kundi la Najda na wafuasi wake. Maibadhi wanaona uimamu ni wajibu masharti yake yakitimia, na wamewachagua maimamu kwa karne nyingi. Mwaka 1913, yaani miaka 12 kabla ya kitabu hiki, ndani ya Oman alichaguliwa Imamu Salim bin Rashid al-Kharusi.

Anasema Mtume (s.a.w.) hakuwa mtawala?

Hili ndilo lililomchoma kila mtu, kwa hiyo tulitazame taratibu.

Sehemu ya pili ya kitabu inaanza na mambo ya ukadhi, kama ilivyotarajiwa. Anachukua habari za Muadh bin Jabal kupelekwa Yemen. Riwaya moja inamfanya kadhi, nyingine inamfanya gavana, nyingine inamfanya mwalimu wa dini na mkusanyaji wa zaka. Kama katika jambo mashuhuri namna hii hatuwezi kusema kwa yakini cheo chake kilikuwa kipi, anauliza, tutajengaje juu yake picha ya idara kamili ya mahakama? Kutoka hapo anapanua swali: dola yoyote ina bajeti, ina madaftari ya mapato na matumizi, ina maofisa wa ndani na wa nje. Viko wapi katika zama za Mtume?

Anajiwekea majibu yanayowezekana: pengine mpangilio ulikuwepo ila habari hazikutufikia, au pengine mambo yaliachwa yawe mepesi kwa sababu maisha yenyewe yalikuwa mepesi. Hayamridhishi. Jibu lake ni kwamba tunatafuta kitu ambacho hakikukusudiwa. Mamlaka ya Mtume juu ya watu yalikuwa makubwa kuliko ya mfalme yeyote, maana yaliingia hadi moyoni, lakini yalikuwa mamlaka ya ujumbe. Hapo anapanga aya: "wewe si mwenye kuwatawala" ya Suratul Ghashiya, aya ya 45 ya Suratu Qaf, na nyinginezo nyingi zinazosema kazi ya Mtume ni kufikisha tu. Waarabu aliwaunganisha katika dini, ila hakuingilia namna kila kabila lilivyojiendesha.

Maoni yangu ni kwamba hapa ndipo alipo na nguvu na ndipo alipo dhaifu. Ana nguvu anapoonyesha kwamba picha ya "dola ya Madina" yenye idara zote imechorwa na waliokuja baadaye wakitazama dola zao wenyewe. Ni dhaifu anapofika kwenye vita, jizya, ngawira na mikataba. Kwanza anavitaja mwenyewe kama hoja ya upande wa pili, na anakiri kuwa vinafanana na mambo ya kifalme. Halafu anavipita kwa kasi ambayo asingeivumilia kwa wakili yeyote mbele ya meza yake Mansura.

Na Abu Bakr (r.a.)?

Anamwona kuwa kiongozi wa kwanza wa kisiasa wa Waarabu, na serikali yake kuwa ya Waarabu iliyolelewa na Uislamu. Cheo cha "khalifa wa Mtume" ndicho, kwa maoni yake, kilichowafanya watu waone kumwasi kiongozi ni kuasi dini. Ndiyo maana anasema si wote waliopigwa katika vita vya riddah, yaani vita dhidi ya walioitwa wameacha Uislamu, walikuwa wameritadi. Wapo waliobaki Waislamu wakakataa tu kuwa chini ya Abu Bakr na kumpa zaka. Anamtaja Malik bin Nuwayra, aliyesema bado ni Mwislamu na akauawa kwa amri ya Khalid bin Walid, kisa ambacho kilimkasirisha Umar (r.a.) mwenyewe. Hapo pana mengi ya kubishana, na watu wamebishana kweli.

Alitaka serikali isiyo na dini kama ya Atatürk wa Uturuki?

Alikisoma kijitabu kilichotolewa na Bunge la Uturuki kuhusu ukhalifa na mamlaka ya taifa, na anakitaja. Lakini Waturuki walikuwa wakihalalisha jambo walilokwisha kuliamua. Yeye alikuwa akiuliza swali la fiqhi. Ibara ya mwisho ya kitabu chake inasema hakuna katika dini kinachowakataza Waislamu kushindana na mataifa mengine katika elimu za jamii na siasa, wala kuubomoa mpangilio wa zamani uliowadhalilisha na kujenga utawala wao juu ya kilicho bora zaidi walichofikia wanadamu. Hasemi misikiti ifungwe, hasemi nikahi na mirathi zifutwe, na hachagui baina ya ufalme na jamhuri. Wanaomfanya nabii wa usekula wanamtwisha mzigo ambao hakuubeba. Wanaomlaani kwa usekula wanamtwisha uleule.

Alishtakiwa na nani, kwa makosa gani?

Alishtakiwa na Baraza la Wanazuoni Wakuu la Al-Azhar, lililokaa tarehe 12 Agosti 1925 chini ya Sheikh wa Al-Azhar, Muhammad Abu al-Fadl al-Jizawi, akiwa na wanazuoni wenzake 24. Sheria waliyoitumia ni ya Al-Azhar ya mwaka 1911, kifungu cha 101, kinachohusu mwanachuoni aliyefanya jambo lisilolingana na sifa ya uanachuoni. Kifungu cha nidhamu, kwa maneno mengine, ambacho sasa kilitumika kuhukumu rai.

Mashtaka yalikuwa saba. Kwamba ameifanya sharia kuwa ya kiroho tupu isiyohusu utawala wa mambo ya dunia. Kwamba amesema jihadi ya Mtume ilikuwa kwa ajili ya ufalme. Kwamba amesema mfumo wa utawala wa zama za Mtume haukuwa wazi. Kwamba kazi ya Mtume ilikuwa kufikisha tu bila ya kuhukumu na kutekeleza. Kwamba amekana ijmai ya Maswahaba juu ya kumsimamisha imamu. Kwamba amekana ukadhi kuwa ni kazi ya kidini. Kwamba serikali ya Abu Bakr na makhalifa waongofu haikuwa ya kidini.

Alifika, akapinga kwanza kwamba Baraza halina mamlaka ya kisheria kumhukumu kwa jambo hili. Pingamizi likatupwa. Alikuwa ameandika utetezi wake, na kwa shtaka la kwanza alikana kabisa kwamba alisema sharia ni ya kiroho tupu. Hukumu ilitoka siku hiyohiyo, kwa kauli moja: aondolewe katika safu ya wanazuoni. Aliyeondolewa katika safu hiyo hawezi kuwa kadhi, kwa hiyo na kazi ikaenda.

Nimesikia serikali ilitikisika kwa sababu ya kesi hii. Kweli?

Kweli kabisa. Serikali ya Ahmad Ziwar Pasha ilikuwa ya mseto wa chama cha Ittihad, kilichoundwa kuitumikia Ikulu, na chama cha Waliberali wa Katiba, ambacho ukoo wa Abdel Raziq ulikuwa nguzo yake. Waziri wa Sheria, Abdel Aziz Fahmi, kiongozi wa Waliberali, alipoletewa hukumu aitekeleze, aliipeleka kwa wataalamu wa sheria waseme kama kifungu cha 101 kinafika huko. Ikulu haikusubiri jibu. Mwanzoni mwa Septemba 1925 akafukuzwa kwa amri ya mfalme, wakati waziri mkuu yuko Ulaya, na mawaziri wenzake wa chama hicho wakajiuzulu. Mseto ukafa.

Chukua hayo pamoja na hoja ya kitabu. Sheikh ameandika kwamba wafalme huitumia dini kuwanyamazisha wenye akili. Mfalme akaitumia hukumu ya dini kumwondoa waziri wa chama kinachomsumbua. Wapinzani wa sheikh wangeweza kumjibu kwa vitabu peke yake, na vitabu walikuwa navyo.

Waliomjibu walisema nini?

Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika jibu refu. Sheikh Muhammad al-Khidr Husein, ambaye mwaka 1952 alikuja kuwa Sheikh wa Al-Azhar, alikichambua kifungu kwa kifungu. Kutoka Tunisia alijibu Tahir bin Ashur. Rashid Rida, aliyekuwa ameandika juu ya ukhalifa miaka michache tu kabla, alikishambulia katika jarida lake la Al-Manar akikiona kuwa ni vita dhidi ya Uislamu kutoka ndani.

Ukiacha lugha kali, hoja zao nzito ni mbili. Kwanza, hukumu za Qurani zinazohusu hudud (adhabu zilizowekwa na sharia), mirathi, deni na vita haziwezi kutekelezwa bila ya mtawala, na kile ambacho wajibu hautimii bila yake nacho ni wajibu. Pili, Maswahaba walimchagua kiongozi kabla hata Mtume hajazikwa, kwa nini waharakishe jambo ambalo dini imelinyamazia? Abdel Raziq angejibu kwamba kuhitaji serikali ni kitu kimoja na kuhitaji ukhalifa ni kingine, na ameligusa hilo kitabuni. Kwa swali la pili, jibu lake kwamba walijua wanaanzisha dola ya kidunia linamtosha yeye zaidi kuliko linavyomtosha msomaji.

Upande wake walisimama watu wa gazeti la *Al-Siyasa*, akiwemo mhariri wake Muhammad Husayn Haykal. Taha Husayn alikuwa naye pia, na 1926 zamu ikawa yake kwa kitabu chake juu ya ushairi wa Jahiliya. Saad Zaghlul, ambaye wengi hudhani lazima alimtetea kwa sababu naye aligombana na Ikulu, alikikosoa vikali kitabu katika mazungumzo yake.

Ni kweli kwamba mwandishi halisi alikuwa Mzungu?

Dai hilo lilitolewa na mwanahistoria mmoja wa Misri katika miaka ya 1970, akimtaja Margoliouth, profesa wa Kiarabu wa Oxford. Hati ya kulithibitisha haijawahi kuonyeshwa. Sheikh hakuficha alichokisoma kwa Wazungu: anamtaja Thomas Arnold na kitabu chake cha 1924 juu ya ukhalifa. Lakini uzi wa hoja ni wa Ibn Khaldun, wafasiri na vitabu vya usuli, yaani misingi ya fiqhi. Ni namna ya kubishana ambayo mtu haipati bila kukaa miaka juu ya mkeka wa Al-Azhar.

Kongamano la ukhalifa lilifika wapi?

Lilifanyika Cairo Mei 1926. Waliohudhuria walikuwa wachache, na likafungwa bila kumtaja khalifa yeyote. Fuad akabaki mfalme wa Misri tu.

Alitubu mwishoni?

Wapo wanaosema hivyo kwa kutegemea makala iliyochapishwa 1951, ambamo inanukuliwa kwamba yale maneno ya Uislamu kuwa ujumbe wa kiroho tu yalitiwa ulimini mwake na shetani. Wengine wanakumbusha kwamba shtaka hilo alikuwa amelikana tangu 1925, akisema si kauli yake, hivyo kulikana tena si kutubu. Kitabu kingine cha kukifuta hiki hakukiandika.

Kinachojulikana bila ubishi ni kwamba 1947, baada ya kaka yake Mustafa kufariki, na Fuad akiwa kaburini miaka kumi na zaidi, alirudishiwa uanachuoni wake. Miaka ileile ya mwisho ya 1940 akawa Waziri wa Wakfu. Mtu aliyeambiwa hafai kuhukumu talaka akakabidhiwa misikiti ya nchi nzima.

Habari hizi zilifika Afrika Mashariki?

Jarida la Al-Manar lilisomwa Zanzibar na Mombasa, na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa *Al-Islah* mwaka 1932 na kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937, aliathiriwa sana na Abduh na Rida. Aliyeipata habari kwa njia hiyo aliipata kutoka upande wa Rida. Huenda ndiyo sababu hadi leo baadhi ya masheikh wa pwani humjua Abdel Raziq kwa majibu aliyojibiwa tu.

Hoja yake ingezifanya nini mahakama za kadhi?

Katika Kenya, kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kinawapa makadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele yao. Kadhi huyo anateuliwa na taasisi ya dola isiyo ya kidini. Kwa mtazamo wa Abdel Raziq hakuna kasoro hapo: mizani ya mirathi imo Qurani, ila kiti cha hakimu, mshahara wake na mipaka ya mamlaka yake ni mambo ya watu kupanga. Rida angesema hali hiyo ni dharura tu, kwa kuwa imamu hayupo. Ubishi unaosikika Tanzania Bara, kama serikali iiendeshe mahakama hiyo au Waislamu wenyewe, unaweza kuupanga kati ya hao wawili, ingawa hakuna kati yao aliyeufikiria.

Kuna aliyemfuata?

Mmisri mwenzake, Khalid Muhammad Khalid, alizifufua hoja za karibu na hizi mwaka 1950, kisha baada ya miaka thelathini hivi akaandika kitabu kingine kusema amebadilisha rai. Muhammad Imara, aliyekichapisha upya kitabu mwanzoni mwa miaka ya 1970 pamoja na hati za kesi, naye alihama taratibu kutoka kwenye utetezi hadi kwenye ukosoaji. Huku nyuma chama cha Ikhwan (Udugu wa Kiislamu), kilichoasisiwa Ismailia 1928, kilikwishakua, na katiba ya Misri ya 1971 iliyozitaja kanuni za sharia kuwa mojawapo tu ya vyanzo vikuu vya sheria ilirekebishwa 1980 ziwe ndizo chanzo chake kikuu. Kundi la ISIS, lililojitangazia ukhalifa Iraq na Syria Juni 2014, lilirudisha kitabu mikononi mwa watu kuliko kampeni yoyote ya wachapishaji.

Nikitaka kukisoma, nianzie wapi?

Kama unajua Kiarabu, tafuta toleo lenye hati za kesi ndani yake, usome mashtaka saba kwanza, halafu kitabu, halafu jibu la Al-Khidr Husein. Kama hujui, ipo tafsiri ya Kifaransa ya miaka ya 1930 na ya Kiingereza ya miaka ya karibuni. Sehemu ya kwanza husomeka kwa jioni moja. Ya pili nenda polepole na msahafu pembeni, maana aya anazitaja kwa mafungu, na inafaa kuangalia kila moja ilivyotangulia na inavyofuatia.